Taa Nyekundu Haisemi Kitu

Saa nane usiku boila imezima. Kwenye paneli inawaka taa moja nyekundu, na chini yake pana kitufe cha riseti. Opereta anabonyeza, bana inajaribu kuwaka, inazima. Anabonyeza tena. Kila jaribio linaloshindikana huacha mafuta kidogo ndani ya tanuri, na litakalofanikiwa ndilo litakaloyakuta yote yamejikusanya. Akichoka kubonyeza, atatafuta kipande cha waya airuke sensa.

Kwa ajili ya waya huo tumelitenga toleo hili kwa mifumo ya usalama wa bana. Wengi wetu humlaumu aliyeuunga. Mimi humtafuta kwanza aliyechora paneli.

Tuanze na upulizaji wa hewa kabla ya kuwasha. Kwa boila kubwa zenye bana nyingi, kanuni za Marekani, NFPA 85, hudai hewa ya tanuri ibadilishwe mara 5, na kwa muda usiopungua dakika 5, ili gesi iliyosalia itoke isije ikalipuka. Lakini opereta aliyewekewa taa yenye kifupisho cha herufi mbili tatu haioni gesi inayofukuzwa. Anachoona ni mashine inayomkawiza huku mkuu wa zamu akipiga simu kuulizia mvuke. Andikeni tu: "Nafukuza gesi, zimebaki dakika 3."

Kosa jingine ni baya zaidi. Mwaka 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, taa ya valvu moja ilizimika na waendeshaji wakaamini valvu imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha amri tu. Valvu yenyewe ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupozea yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa 2. Ni paneli ngapi za bana zinazotuonyesha amri iliyotumwa kwa valvu ya mafuta, na si valvu yenyewe ilivyokaa? Swichi ya kuthibitisha kwamba imefunga si ghali. (Ghali ni kuvuta nyaya, mafundi umeme wataniambia, nami nakubali.)

Halafu zije kelele. Mwali ukipotea, valvu hufunga, presha hubadilika, taa kumi huwaka kwa mpigo. Mwaka 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta karibu na Milford Haven, Wales, waendeshaji waliletewa tahadhari 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Paneli ikumbuke hitilafu iliyotangulia, iionyeshe peke yake.

Boila zetu nyingi huja na paneli zenye maandishi ya kigeni. Opereta hubandika kikaratasi kwa selotepu na kuandika kwa kalamu: "Hii ikiwaka cheki feni." Tutumieni picha za vikaratasi hivyo, toleo lijalo tunataka lianze navyo.