Mkojo Hauhitaji Maji ya Mtungi

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Nilipomwambia katibu wetu kwamba mwaka huu nitaandika juu ya choo cha haja ndogo cha wanaume, alicheka hadi akaketi. "Msichana mzima! Wewe mambo hayo unayajulia wapi?" Mniwie radhi, nayajua sana. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba maji yake.

Mama yangu ana hoteli ndogo ya chai, chapati na maharagwe hapa Matasia, kando ya barabara ya kutoka Ngong kwenda Kiserian. Jengo si letu. Chini kuna hoteli, kinyozi na duka la saruji na misumari. Juu kuna baa. Vyoo viko nyuma, na katika kile cha wanaume kuna mabakuli matatu meupe yaliyofungwa ukutani. Yalitengenezwa yasukumwe na maji ya bomba, lakini bomba letu siku nyingi hukohoa hewa tu. Basi mwenye jengo akatoa amri: wapangaji wamwagie maji kwa zamu, la sivyo afisa wa afya atakuja kutufungia sote. Zamu ya mama ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nikihesabu njiani, maana ukiwa na mtungi mgongoni huna jingine la kufanya. Wapangaji wote kwa jumla tulimwaga mitungi minane ya lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 160. Kwa mwezi ni lita 4,800, yaani karibu lori dogo zima la maji, na maji yenyewe ni ya kununua kwa mwenye punda!

Sasa sikilizeni lililoniudhi hasa. Mlangoni pa hoteli tuna ndoo yenye bomba ya kunawia mikono. Saa moja jioni ndoo hiyo ilikuwa kavu, kwa sababu mtungi wa mwisho ulikwenda chooni. Siku moja makanga fulani alitoka kule nyuma, akafungua bomba la ndoo, lisitoe kitu. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia, akaagiza chapati mbili. Alizikunja kwa mikono ile ile. Mkojo ulikuwa umeogeshwa, mikono haikuogeshwa. Nami ningesema nini, na mteja ni mfalme?

Tangu siku hiyo nimeshika neno moja. Majengo ya biashara yanayochipuka kama uyoga hapa Matasia, Kiserian na hata kule Kitengela yafungwe vyoo vya haja ndogo visivyotumia maji kabisa, ili maji machache tuliyo nayo yaende kwenye mikono, na kwenye vyoo vya kina mama ambao mara nyingi huambiwa eti "maji yameisha, vumilia."

Najua utauliza: bila maji, si kutanuka? Hebu tukumbuke somo la kemia. Mkojo mbichi hauna harufu kali. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji tayari. Harufu ile ya kukata pua ni amonia, nayo hutokea bakteria wanapoivunja yurea iliyobaki kwenye sakafu, kwenye nyufa na ndani ya bomba. Isitoshe, maji ya visima vyetu virefu yana chumvi nyingi. Yakikutana na mkojo hufanya ukoko mgumu kama jiwe ndani ya bomba, na ukoko huo ndio nyumba ya uvundo. Kwa hivyo mtungi niliokuwa nikimwaga ulikuwa ukisaidia kujenga kile nilichodhani unakiondoa.

Bakuli lisilotumia maji hufanya kazi kwa fizikia ya Kidato cha Kwanza. Chini yake kuna kikombe chenye majimaji mepesi ya jamii ya mafuta. Mkojo ni mzito kuliko mafuta, basi huzama, hupita chini na kwenda zake. Mafuta hubaki juu yakifunika harufu kama kifuniko cha sufuria. Mengine hutumia ulimi wa mpira unaofunguka mkojo ukipita na kujifunga baadaye. Usidhani ni ndoto za juzi. Kule Vienna, Wilhelm Beetz alijenga vyoo vya umma vya kutumia mafuta badala ya maji mwishoni mwa karne ya 19. Na kwa asiye na pesa kuna njia ya faneli juu ya mtungi, ndani ya faneli mna kampira ka mchezo wa tenisi ya meza. Mkojo ukiingia kampira kanaelea, ukiisha kanarudi kuziba tundu. Nimejaribu nyumbani kwa maji ya chai. Kanaziba!

Hapa kwetu Kenya jambo hili si geni vilevile. Vyoo vya kulipia vya Ikotoilet, ambavyo kampuni ya Ecotact ya David Kuria ilianza kuvijenga mwishoni mwa miaka ya 2000, vilitumia mabakuli ya namna hii katikati ya Nairobi. (Jina hilo mwalimu wetu angelipiga kalamu nyekundu: "choo kipo", si "iko"! Lakini ujumbe ulifika.)

Sitaki kuwadanganya kwamba hakuna kasoro. Mwaka 2010 jumba la baraza la jiji la Chicago liliyang'oa mabakuli yasiyotumia maji kwa sababu ya uvundo. Mabomba yalikuwa ya shaba, na mkojo usiochanganywa na maji huila shaba. Huku kwetu mabomba ya majitaka ni ya plastiki, kwa hivyo hilo halitutishi sana. Linalonitisha mimi ni uvivu wetu. Bakuli hili lataka kupanguswa kila siku kwa kitambaa na sabuni kidogo, na mafuta au kikombe kubadilishwa wakati wake ukifika. Mtu akija na ndoo nzima ya maji akaimwaga humo kwa mazoea, anayasukuma mafuta nje na harufu inapanda. Na wale wanaotupa vijiti vya miraa na vipande vya sigara humo, mungu awasamehe. Mwenye jengo asiyetaka kumlipa mtu wa usafi heri abaki na mabakuli yake ya zamani.

Lakini anayekubali hupata faida mara mbili: hanunui maji ya kumwaga, na shimo la majitaka halijai upesi, kwa hivyo lori la kunyonya halimtembelei kila mara. Bei ya lori hilo anaijua yeye mwenyewe, maana ikifika sisi wapangaji huisikia kwenye kodi.

Tena tusisahau tunaishi Kajiado. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo. Ng'ombe walikufa hadi watu wakaacha kuhesabu. Mjomba alibakiwa na wachache sana, naye aliwahi kuja hotelini kwetu wakati huo, akaniona nikipita na mtungi. Akauliza, "Unawapelekea nani maji hayo, mwanangu?" Nilipomwambia, alinyamaza. Akanywa chai yake, akaenda.

Mwenye jengo sasa anajenga jingine ng'ambo ya barabara, orofa tatu. Nilimfuata nikamwambia, "Shikamoo mzee, nina ombi kuhusu vyoo." Akasema, "Mtoto wa shule, wewe soma vitabu." Nimesoma, mzee, na niliyoyasoma ndiyo haya. Kuta za choo bado hazijapigwa plasta na mabomba hayajafungwa. Mama amesema gazeti hili likitoka nimpelekee nakala moja kabla fundi wa mabomba hajaanza kazi.