Msinunue kompyuta za madrasa, bado



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, kila ikikaribia likizo hapa Mbugangari linarudi jambo lile lile: tuchange, tununue kompyuta za madrasa, watoto wa Kiislamu wasiachwe nyuma. Nia ni njema, Allah (s.w.) awalipe. Lakini mimi mpango huo naupinga, na nitasema kwa nini, hata kama wengine watanuna.

Kwanza niwaweke kando wale watakaoniunga mkono kwa sababu isiyo yangu. Wapo wanaosema kompyuta ni mambo ya dunia, madrasa hayana nafasi. Hao hawajui historia yao wenyewe. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9. Kutokana na jina lake watu wa Ulaya walipata neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, na kompyuta haina kazi nyingine ila kufuata hatua hizo. Na kitabu chake cha aljabra, sehemu yake kubwa inahusu nini? Wasia na mirathi! Hatubishi hodi kwa watu hapa.

Sasa nije kwa wachangaji. Nchi yetu ilianza kugawa kompyuta ndogo za XO katika shule za msingi mwaka 2008, zile za kijani na nyeupe, na zikafika zaidi ya laki mbili. Ziko wapi leo? Kulikuwa na shule ambazo mashine zilifungiwa kabatini, kwa kukosa umeme au mwalimu aliyeandaliwa. Msidhani ni sisi peke yetu. Kule Peru watafiti walichunguza shule 319 zilizohusika na mpango huo huo, na ripoti yao ya mwaka 2012 haikuona watoto wakipanda katika hesabu wala lugha. Mashine ilifika, mafunzo hayakufika.

Na zile kozi za likizo mnazowalipia vijana? Kijana anafundishwa bonyeza hapa, herufi zikolee. Bonyeza pale, karatasi itoke. Mwisho anapewa cheti. Programu ikibadilishwa sura mwaka unaofuata, amekwama. Kuhifadhi Qur'ani ni ibada. Kuhifadhi vitufe si ibada, na elimu pia si.

Elimu yenyewe ni kulichukua tatizo, kulivunja vipande, kuvipanga kwa utaratibu, kisha kuangalia umekosea wapi. Hilo linafundishwa kwa chaki. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliwafundisha watoto kuandika programu kwa kumwamrisha "kobe" achore maumbo, na zile XO zilikuwa na mchezo wa namna hiyo ndani yake. Mimi humfanya mwanafunzi mmoja kuwa kobe uwanjani: hafanyi ila alichoamriwa. Mraba ni rahisi: hatua tano, geuka nyuzi 90, rudia mara nne. Kisha nasema, mchoreeni pembetatu ya pande sawa. Karibu wote watapiga kelele: "Geuka 60!" Kobe anageuka, anatembea pande zake tatu, anaishia mbali na alipoanzia. Hapo ndipo darasa linapoanza. Wanabishana, wanachora mchangani, mpaka mmoja anaona kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani bali kwa ile ya nje, nyuzi 120. Sijawaambia jibu, na hakuna franga hata moja iliyotumika.

Tena sisi walimu wa madrasa tuna somo ambalo wenzetu wa shule hawana: faraidh. Maiti ameacha mali. Gharama za mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Geuza mpangilio huo, deni liwe la mwisho, umekwisha dhulumu mtu. Sasa mama amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na baada ya yote hayo zimebaki franga 700,000. Mume nusu, dada wawili thuluthi mbili, kama ilivyo katika Suratun Nisaa. Jumlisheni: mali haitoshi! Jambo hili lilimfikia Sayyidna Umar (r.a.). Alishauriana na Masahaba, na sehemu zikafanywa saba badala ya sita: mume 300,000, dada wote wawili 400,000. Ndiyo inayoitwa 'awl. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai nyingine, nayo wanafunzi wakubwa waijue, wajue kwamba hata waliofikiri vizuri walihitilafiana.

Mtaniambia siku hizi simu inajibu hayo yote. Ni kweli, inajibu, na kwa lugha nzuri. Lakini simu haijui kwamba marehemu alikuwa na deni la mtu sokoni kama wewe hukuuliza wala hukuandika. Itakupa hesabu safi ya dhuluma. Na asiyejua hatua ataitambuaje?

Kwa hiyo nasema hivi kwa kamati: fedha za mwaka huu zimlipe mwalimu wa teknolojia aje Jumamosi, akae na sisi maustadh tupange masomo pamoja. Mwaka wa pili, mashine mbili zinatosha. Atakayepinga aje na hoja, si na picha za kompyuta mpya.

Na nyinyi wanafunzi, kazi ya wiki hii: mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Inasemekana Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo. Nyinyi mna mpaka Jumamosi. Simu mpeni mama.

Wabillahi tawfiq.