Daktari wa akili kubisha hodi si anasa

Taja tu daktari wa magonjwa ya akili kumfuata mgonjwa nyumbani, jibu utalikuta limeshaiva: hayo ni mambo ya Ulaya, kwenye pesa na madaktari wa kumwaga. Sisi tungoje kwanza tutajirike.

Historia inawaumbua wasemao hivyo. Amsterdam ya miaka ya 1930 ilikuwa imebanwa na mdororo wa uchumi, na gharama za kuwalaza wagonjwa wa akili zimelielemea jiji. Daktari Arie Querido alipopewa kazi ya kupunguza mzigo huo, alianza kuwaendea wagonjwa majumbani kabla hawajalazwa, akaona wengi wanaweza kutibiwa hapo hapo, ndugu wakisaidiwa. Mwaka 1957 mji wa Worthing, Uingereza, nao ulishika njia hiyo kwa kuwa wodi za hospitali ya Graylingwell zilikuwa zimefurika. Waliolazwa kutoka mji huo wakapungua kwa zaidi ya nusu. Uhaba ndio uliowatoa madaktari hawa ofisini.

Kwetu Tanzania, ghali ni huu utaratibu tulionao. Ndugu wanamfunga mgonjwa kamba, wanakodi gari, pengine wanaomba na polisi, safari hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Akitulia anarudishwa kijijini. Dawa zinaisha au anazikacha, na baada ya miezi kadhaa gari linakodiwa tena. Kliniki humpokea mgonjwa aliyekwisha kuogeshwa na kuvalishwa shati la kutokea. Vidonge vilivyofichwa chini ya godoro haivioni, wala mama anayelala kwa zamu na wanawe kwa hofu.

Ni kweli, madaktari bingwa ni wachache. Basi wapangwe kwa akili. Sindano ya kila mwezi, inayoshika nafasi ya vidonge, ataichoma muuguzi aliyefika kwa pikipiki. Daktari aitwe pale muuguzi alipokwama, kwa mgonjwa aliyejifungia chumbani au aliyetiwa mnyororo uani. Na tusijifanye wageni wa kazi hii: wagonjwa wa UKIMWI tumewahudumia majumbani kwa miaka mingi. Mbona hiyo hatukuiita anasa?

Wengine watasema majirani watajua. Majirani walijua siku ile ya kamba.

Halmashauri inayoomba wodi mpya ya wagonjwa wa akili iulizwe kwanza: mafuta ya pikipiki ya muuguzi yako wapi kwenye bajeti yenu?