Mimi Mmoravian, yeye Mlutheri: Jamani, tutasali wapi?

Niko Tukuyu kwenye mvua isiyokatika. Leo naacha bei ya chai na ndizi, naleta hoja inayowasumbua vijana kibao wa Rungwe wanaotaka kuoana: baada ya harusi, tusali wapi?

Mimi nimelelewa Moravian. Mchumba wangu ni Mlutheri wa Mwakaleli. Mahari imeshaongelewa na ng'ombe wametajwa, imebaki tarehe tu. Lakini kila tukikaa na wazee, swali linarudi lile lile. Upande wangu wanasema mke humfuata mume, basi, mjadala umefungwa. Upande wake hawabishi sana, ila mama mkwe mtarajiwa aliuliza kwa upole: "Huko mwanangu akifiwa, nani atakuja kumwimbia?" Hilo ndilo swali lenyewe, na kila mtu alilipita kama hajalisikia.

Tuanze na historia, maana shuleni wengi wetu hatukuipata. Mwaka 1891 misheni mbili za Wajerumani ziliingia nchi ya Wanyakyusa. Wamoravian wakiwa na Theodor Meyer walianzisha kituo cha Rungwe, chini ya mlima. Wale wa Berlin, Walutheri, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakashika upande wa mashariki, huko Manow na Mwakaleli. Ili wasigombanie watu wakapatana: magharibi Moravian, mashariki Berlin.

Umeona hapo? Babu zetu hawakukaa chini wakapima mafundisho ya pande mbili ndipo wakachagua. Uliitwa Mmoravian au Mlutheri kutokana na mahali ulipozaliwa. Tena Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka Malawi walikuja kuangalia kazi ya misheni zote mbili kwa miaka kadhaa, mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Mchungaji wa tatu akawalea wote wawili na mbingu hazikuanguka.

Sisemi hakuna tofauti. Kwa Moravian jimbo linaendeshwa na mwenyekiti, na askofu ni mlezi wa kiroho. Kwa KKKT askofu ndiye mkuu wa dayosisi. Lakini wote wanabatiza watoto wachanga. Hata jina la mahali unaposali limetofautiana kwa herufi moja: sisi tunasema ushirika, wao wanasema usharika. Kwa herufi hiyo moja binti wa watu aambiwe asahau kwao?

Sasa kuna vijana wanaona bora wakwepe kote kote. Nawaelewa. Walutheri wa Konde wameshuhudia mgogoro mzito, na moja ya mambo yaliyoumiza watu ni makao makuu ya dayosisi kuhamishwa kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini. Mwaka 2022 Askofu Edward Mwaikali aliondolewa, akachaguliwa Geofrey Mwakihaba. Sitaki kuhukumu nani alikuwa sahihi. Ila kijana anayetafuta pa kutulia akisikia waumini wanagombania ofisi, anaanza kuangalia mlango.

Mlango wa kwanza ni makanisa ya kilokole, kama TAG na EAGT. Kwaya ziko hai, maombi yana moto, na vijana wanapewa kazi. Lakini huko wanabatiza mtu aliyeamini mwenyewe, tena kwa maji mengi. Maana yake wewe uliyebatizwa mchanga utaambiwa uingie majini. Kama dhamiri yako imekubali, ingia. Ila jua nyumbani wazee watasikia kwamba ubatizo waliokupa umeuita bure. Ongea nao kwanza.

Mlango wa pili ni huduma mpya ya mtu mmoja, yeye ndiye mtume, mhasibu na mwenye kiwanja. Hapo uliza maswali ya kawaida tu. Imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya? Sadaka anaihesabu nani? Mtume akihamia mji mwingine, wewe unabaki na nani?

Mlango wa tatu ni bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa hiyo sawasawa na ya kanisani. Unatoa taarifa siku 21 kabla, unafunga, unapata cheti. Safi kabisa kwa sheria. Lakini cheti hakiji kukuangalia ukilazwa.

Wazee wanasema kufuata kanisa la baba ndiyo mila. Mila ipi? Monica Wilson, mtafiti wa Afrika Kusini aliyeishi huku miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu yetu, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Anaeleza kwamba vijana wa Kinyakyusa walitoka kijiji cha baba zao, wakajenga chao na watu wa rika lao, na huko ndiko walikoleta wake zao. Walichokitafuta waliita ukwangala, ile raha ya kukaa, kula na kuongea na wenzako. Kweli, hata enzi hizo mke ndiye aliyehama. Lakini hakupelekwa kukaa katikati ya wazee wa mume peke yake. Wote wawili walikuwa wanaanza upya mahali papya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama imani zenu hazipingani, msiulize kanisa la nani limeshinda. Ulizeni mambo matatu. Mtoto wetu atabatizwa wapi bila mmoja wetu kununa? Tukiugua au kufiwa, nani atafika kwa miguu? Je, wote wawili tunaweza kusimama pale na kutoa wazo tukasikilizwa? Kanisa litakalojibu vizuri zaidi ndilo lenu, na mamkubaliane kabla hamjaanza kutangazwa, siyo mtoto akishazaliwa.

Sisi tumepanga kusali Jumapili moja kwake, moja kwangu, na kuonana na wachungaji wote wawili kabla ya kutaja tarehe. Tukiona usharika wa Kilutheri ulio jirani na chumba tutakachopanga ndio unaotufaa, mimi ndiye nitakayebeba barua ya uhamisho. Wajomba wameshaanza kuguna. Waache wagune, ndoa ni yetu.

Nawasilisha. Wewe uliyeoa au kuolewa nje ya kanisa lenu, nani alihama, na alipata watu huko? Tiririka hapo chini, matusi hapana.