Mali Bila Daftari: Fedha za Shule na Wajibu wa Mwalimu wa Darasa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuuachia wenye maduka, kana kwamba shuleni hakuna mali wala daftari. Vyuoni mwetu mwanachuo hufundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana, kutunga mtihani na kusahihisha. Hayo yote ni mema na hayana budi kuendelea. Lakini ni nadra mwanachuo kuwekewa mbele yake makadirio ya mapato na matumizi ya shule, akaulizwa: katika fedha hizi, ni kiasi gani kitamfikia mtoto aliyeketi darasani?

Rai yetu katika makala haya ni kwamba kuyasoma mahesabu ya shule ni sehemu ya mbinu za kufundisha, wala si kazi ya mwalimu mkuu peke yake. Mwalimu asiyejua fedha ya shule inavyoingia na inavyotoka hawezi kuipangia kazi, na fedha isiyopangiwa kazi na mwalimu haigeuki kuwa elimu.

Kisa cha karatasi mbili

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Hisabati darasa la pili. Watoto walizidi mia moja. Somo lilikuwa kutoa kwa kuchukua, na zana yake ilikuwa fungu moja la vijiti. Waliokaa mbele waliona; waliokaa nyuma walisikia sauti tu. Baada ya kipindi tulimweleza kasoro hiyo, naye akajibu kwa adabu: "Mwalimu, niliomba karatasi mbili za manila na kalamu ya wino mzito, nikaambiwa shule haina fedha."

Tulipokuwa tukiondoka tulisimama mbele ya ubao wa matangazo, karibu na ofisi. Hapo palibandikwa orodha ya ruzuku iliyopokewa na matumizi yake. Palikuwa na nauli za kwenda wilayani, matengenezo ya mlango wa ofisi, na shajala. Hatukuona dalili ya wizi. Huenda kila senti ilitumika palipoandikwa. Lakini hapakuwa na hata mstari mmoja uliotokana na ombi la mwalimu wa darasa. Mwalimu mmoja aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule alitueleza kwa upole kwamba yeye huitwa kutia sahihi tu.

Mwanachuo yule tulikuwa tumekwisha kumpunguzia alama katika sehemu ya zana. Tangu siku hiyo tumejiuliza mara nyingi kama alama zile zilikuwa zake, ama zilikuwa zetu sisi tuliompeleka shuleni bila kumfundisha namna ya kuomba karatasi mbili.

Njia ambayo fedha imepitia

Yafaa mwanachuo ajue tulikotoka. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ya elimu ya msingi. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaweka kamati za shule. Katika miaka ya 1980 uchumi ulipodhoofika, mzigo ulirudi kwa wazazi kwa njia ya ada na michango.

Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Ada ilikuwa imefutwa, na Serikali ikaahidi ruzuku yenye thamani ya dola 10 za Kimarekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001, walikaribia milioni 8 mwaka 2006. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, utaratibu wa elimu bila malipo ulianza kutekelezwa. Ruzuku ilibaki shilingi 10,000: shilingi 4,000 zilizuiwa ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 zikapelekwa katika akaunti ya shule yenyewe, bila kupitia kwanza mikononi mwa halmashauri kama ilivyokuwa zamani.

Badiliko hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Zamani mwalimu aliweza kusema kwamba fedha zimekwama wilayani, na mara nyingi alisema kweli. Fedha ikiingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, swali huhamia katika kamati ya shule, ambamo wazazi huchagua wenzao na mwalimu mkuu ndiye katibu. Fedha imesogezwa karibu na darasa, lakini mwalimu wa darasa bado hajasogezwa karibu na fedha.

Fedha peke yake haifundishi

Baadhi ya watu hudhani kwamba shule ikipata fedha, matokeo yatapanda yenyewe. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unatuonya. Mwaka 2001 waliofaulu hawakufika 3 katika kila watahiniwa 10. Mwaka 2006 walifika 7. Mwaka 2009 walikuwa karibu nusu, na mwaka 2012 wakashuka tena hadi 3 hivi. Hatusemi kwamba ruzuku ndiyo iliyopandisha wala kuteremsha. Tunasema tu kwamba madarasa yaliyojengwa katika miaka ile hayakubomolewa, na hata hivyo ufaulu ulishuka.

Lipo jaribio lililofanywa hapa nchini ambalo kila mwanachuo angepaswa kulifahamu. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza pamoja na watafiti waliendesha mpango ulioitwa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa ya kwanza hadi ya tatu waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata lolote, likawa la kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza ujuzi wa watoto katika majaribio yale. Tena wazazi, walipoona shule imepata fedha, walipunguza matumizi yao kwa ajili ya watoto. Tuzo peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyo imara. Lakini pale ruzuku na tuzo vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kilicho dhahiri, na faida ilikuwa kubwa kuliko jumla ya faida za kila kimoja kikiwa peke yake.

Wapo wanaosoma habari hii na kuhitimu kwamba mwalimu hafundishi mpaka alipwe kwa kichwa cha mtoto. Sisi hatukubali tafsiri hiyo. Tunalojifunza ni hili: fedha isiyo na mtu darasani anayeidai kwa ajili ya somo fulani na watoto fulani, hupita kando ya watoto. Vivyo hivyo bidii ya mwalimu asiye na chaki wala karatasi hugota mahali. Jambo la kutafuta ni namna ya kuviunganisha viwili hivyo, na kiungo hicho ni mwalimu wa darasa.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza husema kwamba fedha yenyewe ni ndogo mno kustahili mjadala. Ni kweli kwamba ni ndogo. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Shule yenye watoto 800 hupata shilingi 400,000 kwa mwezi, na katika hizo yamo matengenezo, mitihani, michezo na uendeshaji wa ofisi. Shilingi 10,000 zilizokaribia dola 10 mwaka 2002, mwaka 2016 hazikufika dola 5. Kwa hiyo tunasema waziwazi kwamba kiwango cha ruzuku hakina budi kwenda pamoja na bei za vitu, na hilo ni deni la Serikali, halilipwi na mwalimu kwa kujinyima chaki. Lakini mwenye kibaba kimoja ndiye anayepaswa kupima kwa uangalifu zaidi kuliko mwenye ghala. Tena, shule ambayo haiwezi kuonyesha kwa maandishi upungufu wake ulizuia somo gani, itaombaje kuongezewa?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba mwalimu kijana akiuliza habari za fedha ataitwa mkorofi, na mwalimu mkuu atamwandikia vibaya. Hatuidharau hofu hiyo. Tumewaona waliopatwa nayo. Lakini kuna kuuliza na kuuliza. Anayeingia ofisini na kusema, "Fedha za ruzuku zimekwenda wapi?" amekwisha kutoa hukumu. Anayepeleka karatasi iliyoandikwa, "Katika wiki ya sita nitafundisha kutoa kwa kuchukua, wanafunzi ni 104, naomba karatasi mbili za manila na kalamu moja," amefanya kazi yake ya ualimu. Mwalimu mkuu mwema atafurahi kupata ombi kama hilo, kwa sababu litampa la kusema mbele ya kamati. Asiyekuwa mwema atalazimika kulijibu, na jibu lake litabaki katika jalada.

Tunalopendekeza

Kwa wakufunzi wenzetu, twapendekeza mambo mawili. La kwanza, kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo apewe makadirio ya shule ya mfano, afanye hesabu ya ruzuku ya mwaka, aigawanye kwa idadi ya wanafunzi, kisha aonyeshe ni kiasi gani kinamfikia mtoto wa darasa lake. La pili, tunapokagua somo tusipime zana peke yake. Tuulize pia kama mwanachuo aliziomba, lini, na alijibiwa nini. Mwanachuo aliyeomba kwa utaratibu akanyimwa asiadhibiwe sawa na yule ambaye hakujishughulisha.

Kwa wanachuo, twasema hivi. Mtakapofika vituoni mwenu, someni ubao wa matangazo kabla ya kulalamika. Andikeni mahitaji ya kila muhula kutoka katika azimio la kazi, myapitishe kwa mwalimu wa taaluma kabla kamati haijakaa, si baada ya fedha kwisha. Mkichaguliwa kuwa wajumbe wa kamati, msitie sahihi mukhtasari wa kikao ambacho hamkukaa. Na mkutano wa wazazi ukiitishwa, waelezeni kwa lugha nyepesi kwamba kufutwa kwa ada hakukufuta daftari, kalamu wala chakula cha mtoto, na kwamba wana haki ya kuuliza fedha ya shule imenunua nini. Mzazi anayejua hesabu ya shule ni rafiki wa mwalimu, hata kama maswali yake yanachosha.

Hatuahidi kwamba hayo yatayapunguza madarasa ya watoto mia moja, au kwamba shilingi 500 zitageuka kuwa 5,000. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyekaa nyuma darasani siku ile hakujua kama karatasi mbili zilikosekana kwa uhaba wa fedha ama kwa kukosa mtu wa kuziombea kwa wakati. Alijua tu kwamba hakuona. Basi mwalimu wake aijue tofauti hiyo, na chuo chake kiwe kimemfundisha.