Umejuaje Miaka Hiyo?

Mwanafunzi akiulizwa umri wa fuvu la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, hujibu bila kusita: miaka milioni 1.75. Mwulize imejulikanaje, atanyamaza, kwa kuwa aliyemkaririsha namba hakumpa njia. Mwanafunzi huyo hana la kumjibu atakayemwambia kwamba wataalamu wanabahatisha tu. Ndiyo sababu toleo hili tumelitenga kwa ajili ya njia.

Mwaka 1913 Hans Reck, mwanajiolojia Mjerumani, aliyapa namba matabaka ya Olduvai kuanzia chini kwenda juu. La chini lilitangulia kulala, la juu likafuata. Mpangilio huo ulionyesha nani mkubwa na nani mdogo, lakini haukutaja miaka ya yeyote. Louis Leakey, mume wa Mary, mwenyewe awali alilikadiria fuvu lile kuwa na miaka kama 600,000 tu.

Jibu halikutoka kwenye mfupa, lilitoka kwenye majivu. Fuvu lilikuwa katika Tabaka la Kwanza, lenye majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na ndani ya majivu hayo mna fuwele ndogo za feldispa zenye potasiamu. Kiasi kidogo mno cha potasiamu hiyo, kiitwacho potasiamu-40, kina mionzi na hubadilika polepole. Nusu yake huisha kwa miaka kama bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Fuwele ikishaganda, gesi hunaswa ndani na hesabu huanzia sifuri. Maabarani fuwele huyeyushwa, agoni ikakamatwa, ikapimwa na kulinganishwa na potasiamu iliyomo. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, Marekani, walifanya hivyo, na mwaka 1961 wakaitangaza ile milioni 1.75 pamoja na Louis Leakey.

Ubishi ukazuka, tena wa haki. Zaha iliyo chini ya majivu ilipopimwa na wengine ilionekana changa kuliko majivu yaliyoilalia! Zaha iliyochakaa hupoteza agoni, ikaonekana changa. Majivu yaliyozoa fuwele za zamani huonekana makongwe. Ikabidi itafutwe njia isiyotegemea potasiamu kabisa. Mwaka 1965 zikahesabiwa alama zinazoachwa na atomi za urani zikipasuka ndani ya kioo cha volkano, na jibu likawa karibu miaka milioni 2, likikubaliana na la kwanza ndani ya mipaka ya kosa la vipimo. Zaha yenyewe ilikutwa imehifadhi mwelekeo wa sumaku ya Dunia wa wakati ilipoganda. Leo wanaosoma matope ya sakafu ya bahari, popote duniani, hukiita kipindi cha mwelekeo huo wa sumaku kwa jina la Olduvai.

Baadaye leza iliwezesha kupima fuwele mojamoja, na umri wa fuvu ukasogea hadi karibu milioni 1.84. Wapo wanaoona kusogea huko ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sababu ya kuiamini namba: kila aliyeitilia shaka alipewa mwamba aupime.

Kuanzia toleo hili, makala yoyote itakayotaja umri wa mwamba itaeleza ni mwamba gani uliopimwa, kwa njia ipi, na kosa la kipimo ni kiasi gani. Tunawaomba walimu nao waulize hivyohivyo kwenye mitihani yao.