Skuta Ina Mkanda Usioonekana

Skuta iliyotumika ya cc 150 hadi 250 kutoka Japani huweza kung'aa kama mpya. Mng'ao huo usiitoe akiba ya familia kwa pupa.

Kabla haijawashwa, gusa injini. Ikiwa na moto, huenda muuzaji amekwisha kuiwasha ili kuficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya injini inayokula oili. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha linganisha namba ya fremu na ile ya kwenye hati.

Lakini jambo kubwa limefichika. Skuta nyingi za namna hii hazina mnyororo. Gurudumu la nyuma huzungushwa na mkanda wa mpira uliomo ndani ya kifuniko. Ukikatika, injini hunguruma bure nawe huendi popote, hata ukiwa katikati ya barabara na mtoto nyuma yako. Fundi aufungue na kuukagua: wenye nyufa au uliopungua upana hubadilishwa. Ulizia bei ya mkanda mpya, na kama unapatikana mjini, kabla hujalipia skuta.

Ukishainunua, badili oili ya injini kwa wakati, usiisahau ile ya gia za nyuma, na mafuta ya breki kila miaka 2. Wekeni fungu la vipuri tangu mwezi wa kwanza. Chombo kinachoilisha nyumba nacho hudai posho yake.